Mashine Hupimwa kwa Kazi, Haipimwi kwa Mng'aro

Wahenga walinena kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii hunijia kila nisikiapo wakuu wa vyuo vya ufundi na wenye karakana katika kaunti za Migori na Homa Bay wakizungumza juu ya ununuzi wa mitambo ya kisasa ya kukerezea vyuma. Mitambo yenyewe ni ile inayoongozwa na kompyuta, ambayo mafundi huiita CNC, na hasa ile yenye mihimili mingi. Wauzaji huja na vitabu vya picha za rangi, na msikilizaji akiisha kuona chuma kikikatwa kwa kasi ya ajabu, hudhani maendeleo yamebisha hodi. Sina ugomvi na mashine hizo. Ugomvi wangu ni na namna tunavyozipima. Tunaziuliza zinaweza kufanya nini, hali swali la kwanza lapasa kuwa: hapa petu kuna kazi gani inayozingoja?

Kwa manufaa ya mwanafunzi ambaye hajaingia karakana, yafaa nianze na maana. Kukereza si neno geni katika Kiswahili. Watu wa Pwani walikereza miguu ya vitanda na viti kabla ya umeme kufika huku kwetu. Kitu kinachokerezwa huzungushwa, na kisu hukisogelea kikakipunguza mpaka kipate umbo. Fundi wa chuma hufanya vivyo hivyo. Kwa mashine ya mkono yeye ndiye anayezungusha magurudumu mawili: moja la kukisogeza kisu kuelekea katikati ya chuma, na jingine la kukisogeza kufuata urefu wake. Njia hizo mbili ndizo mihimili miwili.

Mashine ya kompyuta huchukua kazi ya mikono hiyo. Mwaka 1952, katika chuo cha MIT kule Marekani, ilionyeshwa mashine ya kuchonga chuma iliyopewa maagizo kwa tarakimu zilizotobolewa katika utepe. Utepe ukaja kuachwa na mahali pake pakashikwa na kompyuta, lakini kanuni haikubadilika: mtu huandika safari ya kisu kwa tarakimu, nayo mota huifuata. Mashine ya kawaida ya aina hii ina mihimili miwili. Ile ya mihimili mingi huongeza mengine. Spindo inayozungusha chuma huweza kusimamishwa katika pembe maalumu, na vyombo vinavyozunguka vyenyewe vikatoboa chuma kwa ubavuni. Kisu huweza kupanda juu au kushuka chini ya mstari wa katikati. Katika mashine nyingine kichwa cha visu huinama, na spindo ya pili hukipokea kipuri kutoka kwa ya kwanza ili upande wa nyuma nao ukamilishwe.

Faida yake ni kubwa, na mwenye kuikana hasemi kweli. Kila fundi anapokifungua kipuri kutoka katika taya za mashine moja na kukifunga katika nyingine, hupoteza usahihi kidogo na wakati mwingi. Mashine ya mihimili mingi humaliza kazi kwa kufunga mara moja. Chukua shafti ya mashine ya kusaga mahindi. Inahitaji kukerezwa, kukatwa hesi mwishoni, na kuchongwa mfereji wa ufunguo unaoizuia puli isizunguke peke yake. Katika karakana zetu kazi hiyo hupitia mashine mbili na kufungwa mara tatu au zaidi. Katika mashine ninayoieleza, fundi huweka chuma kitupu na kutoa shafti kamili.

Hata hivyo, tuzitazame kazi zenyewe za sehemu zetu. Awendo kuna kiwanda cha sukari cha Sony, kilichoasisiwa mwaka 1976 na kuanza kusaga miwa mwaka 1979. Ndhiwa, upande wa Homa Bay, kuna kiwanda cha Sukari Industries. Nyatike kuna wachimbaji wadogo wa dhahabu, na vinu vyao vya kusagia mawe hula beringi, bushi na shafti bila huruma, kwa kuwa vumbi la mawe ni adui wa kila kinachozunguka. Ufuoni mwa ziwa, kuanzia Kendu Bay hadi Mbita na Muhuru Bay, kuna maboti yenye injini, pampu za maji na mitambo ya barafu. Kila soko lina mashine ya posho, na kila njia panda ina bodaboda.

Kazi zipo tele, lakini zinafanana kwa jambo moja: nyingi ni za kutengeneza kilichovunjika. Mwenye kinu cha Nyatike haji karakanani na oda ya shafti 500. Huja na shafti moja iliyokatika, ameifunga kwa gunia nyuma ya pikipiki, naye anataka nyingine kabla jua halijatua kwa sababu watu kumi na watano wamekaa bila kazi. Kiwandani kwa sukari nako, roli kubwa zinazokamua miwa ni nzito mno kuingia katika mashine hizi zinazouzwa kwa picha. Roli hizo zataka mashine ndefu na pana ya mtindo wa zamani. Vinavyoweza kutoka katika mashine ya kompyuta ni pini za minyororo, bushi, boliti maalumu na shafti za pampu. Hivyo ndivyo vipuri vinavyorudiwa, na hivyo ndivyo vya kuhesabiwa.

Walimu wa hisabati waniwie radhi nikiingia shambani mwao. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba shafti fulani humchukua fundi wa mashine ya mkono dakika 40. Tuseme mashine ya mihimili mingi huikata kwa dakika 6, ila kuandaa programu, kupanga visu na kuijaribu huchukua dakika 180. Kwa shafti moja, mkono ni dakika 40 na kompyuta ni dakika 186. Kwa shafti tano, mkono ni 200 na kompyuta ni 210. Kwa shafti sita, mkono ni 240 na kompyuta ni 216. Kwa shafti 50, mkono ni dakika 2,000, yaani zaidi ya saa 33, na kompyuta ni dakika 480, yaani saa 8. Mwanafunzi aliyeelewa mlinganyo huu ameelewa jambo ambalo huwapita watu wazima wenye tai shingoni. Mashine ile ile ni hasara kwa kazi moja na ni neema kwa kazi 50. Programu ikiisha kuhifadhiwa, kazi ikirudi mwakani maandalizi yatapungua. Lakini sharti irudi.

Gharama nazo zina hesabu yake. Tuchukue mashine ya shilingi milioni 20 inayotarajiwa kufanya kazi miaka 10. Kila mwaka inameza shilingi milioni 2 hata kabla hujalipia umeme, visu, mafuta ya kupoza na mshahara wa fundi. Ikifanya kazi saa 2,000 kwa mwaka, kila saa imebeba shilingi 1,000 za bei ya mashine. Ikifanya kazi saa 200 tu, kila saa imebeba shilingi 10,000. Nani ufuoni atalipa fedha hizo kwa pini moja? Mashine iliyolala hairudishi hata senti, na zaidi ya hayo huzeeka usingizini. Nimepata kuona, katika chuo kimoja nisichotaka kukitaja, mtambo wa namna hii umefunikwa turubai, umewekewa kufuli, na wanafunzi wakipitishwa kuutazama kama watazamavyo simba aliyekaushwa katika jumba la makumbusho. Walihitimu bila kuugusa.

Historia ya nchi yetu ina fundisho katika jambo hili. Mwaka 1986 Rais Daniel arap Moi alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kiunde gari la Kenya. Mwaka 1990 magari ya Nyayo Pioneer yalionyeshwa kwa umma, na kasi yake iliweza kufikia kilomita 120 kwa saa. Wahandisi wetu walithibitisha kwamba akili haikosekani. Lakini magari hayo hayakufika sokoni. Kutokana na juhudi ile kulibaki karakana ya mitambo ya tarakimu jijini Nairobi, Numerical Machining Complex, ambayo kazi yake ikawa kutengeneza vipuri kwa ajili ya viwanda vingine. Ujuzi na mitambo vilipatikana, na hata hivyo soko likabidi litafutwe baadaye. Ikiwa hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa taifa zima, kaunti mbili zitajikingaje zikianza kwa kununua na kumalizia kwa kutafuta kazi?

Basi mashine ipimwe vipi? Mnunuzi mwenye busara hubeba vipuri vyake vilivyovunjika, wala haendi kwa muuzaji mikono mitupu. Kwa miezi sita karakana na iandike katika daftari kila kazi inayoletwa: urefu, unene, aina ya chuma, idadi, na mara ngapi kazi hiyo imerudi. Daftari hilo litamwambia kama anahitaji mashine ya kushika chuma cha milimita 60 au cha milimita 200, na kama shafti zake ni fupi au ni ndefu kiasi cha kuhitaji kuegemezwa upande wa pili. Litamwonyesha pia kama kazi zake zinahitaji kasi au nguvu. Mashine nyingi husifiwa kwa mizunguko mingi kwa dakika, hali mkata shafti nene ya chuma kigumu hutaka nguvu katika mizunguko michache.

Kisha amtake muuzaji akate kipuri cha mnunuzi. Kile cha maonyesho, kilichokatwa katika aluminiamu laini, hakithibitishi lolote. Wala kisikatwe kimoja. Vikatwe 30 mfululizo, na kila kimoja kipimwe kwa maikromita tangu mashine ingali baridi hadi imeshika moto. Chuma hutanuka. Kipande cha urefu wa mita 1 hurefuka takriban maikroni 12, yaani sehemu 12 za elfu za milimita, kwa kila nyuzi 1 ya joto. Kukiwa na tofauti ya nyuzi 10 baina ya asubuhi na alasiri, na Homa Bay si mahali pa baridi, mita hiyo imerefuka milimita 0.12. Mashine nayo ni chuma, hutanuka vilevile. Usahihi ulioandikwa kitabuni kwa kawaida ulipimwa katika chumba chenye joto lisilobadilika, na karakana zetu nyingi zimeezekwa mabati.

La tatu ni umeme. Wazee wa Migori watakumbuka kwamba kituo cha Gogo katika mto Kuja kilijengwa miaka ya 1950 ili kuhudumia migodi ya Macalder. Waliokuja kuchimba walijua kwamba nguvu hutangulia mashine. Sisi leo huinunua mashine, tukaipakua, tukaizindua kwa hotuba, ndipo tukakumbuka kuuliza kama transfoma ya mtaa itaihimili. Mashine hizi hutaka umeme wa fezi tatu usioyumba. Umeme ukikatika ghafla kisu kikiwa ndani ya chuma, huweza kuvunjika kisu na kuharibika kipuri. Bei ya stabilaiza, ya waya za ardhini na ya jenereta iandikwe katika karatasi ile ile yenye bei ya mashine, isiwe habari ya kushtukiza mwaka wa pili.

La nne ni matengenezo. Ni nani atakayekuja mashine ikigoma, naye atatoka wapi, baada ya siku ngapi, na kwa malipo gani? Kadiri mihimili inavyoongezeka ndivyo mota, vihisio, nyaya na beringi zinavyoongezeka, na kila kimoja ni mlango wa ubovu. Mitambo mingine hutunza kumbukumbu zake kwa betri ndogo. Betri ikifa pasipo mtu kuibadilisha, mashine husahau vipimo vyake. Betri ya bei ndogo huweza kuisimamisha mashine ya mamilioni. Kwa hiyo nakala ya kumbukumbu zote ikabidhiwe mnunuzi siku ya kwanza, na mafundi wawili au watatu, si mmoja, wafundishwe kuitunza. Yule mmoja akipata kazi Nairobi, ujuzi wote utapanda basi pamoja naye.

Najua nitajibiwa. Wapo watakaosema kwamba mawazo haya ni ya kuwarudisha vijana wa Nyanza Kusini nyuma, kwamba dunia inakimbia nasi twataka kutembea. Hoja hii nzito sitaki kuipuuza. Vijana wetu wana uwezo. Mwaka 2014 yalianzishwa mashindano ya Africa Tech Challenge, ambamo vijana wa vyuo vya ufundi vya Kenya walishindana kukereza vyuma kwa kufuata mchoro, nao hawakuiaibisha nchi. Aidha, kwa mkopo wa China, Serikali ilianza kupeleka mitambo katika taasisi 10 za kiufundi, na awamu iliyofuata ikalenga taasisi zaidi ya 130. Ni kweli pia kwamba kazi kubwa hazitakuja mahali pasipo na mashine. Mwenye kiwanda hamwachii oda mtu asiyeweza kuitimiza.

Lakini tutafakari mwanafunzi hujifunza nini. Lugha ya maagizo anayoiandika kwa mashine ya mihimili miwili ndiyo lugha ya msingi ya ile ya mihimili mitano. Kusoma mchoro, kuchagua kisu, kukadiria kasi, kupima kwa maikromita na kukataa kipuri kilichozidi kipimo ni mambo yasiyotegemea idadi ya mihimili. Aliyeyajua atafundishwa mashine kubwa kwa majuma machache. Asiyeyajua ataigonganisha mashine hiyo siku ya kwanza, maana kompyuta hutii maagizo mabaya kwa uaminifu ule ule inaotii mazuri. Kwa fedha za mashine moja ya mihimili mingi chuo huenda kikapata mashine ya mihimili miwili, mashine kadhaa za mkono, vyombo vya kupimia, na chuma cha kutosha cha kufanyia mazoezi. Mwanafunzi anayekereza mwenyewe kila wiki ni bora kuliko anayetazama kupitia kioo.

Rai yangu ni hii. Migori na Homa Bay zilikuwa wilaya moja hadi mapema miaka ya 1990, na mpaka uliochorwa haukubadilisha beringi wala shafti. Kaunti hizi mbili ziungane, kwa kushirikiana na vyuo vya ufundi, viwanda vya sukari, vyama vya wachimbaji na vya wavuvi, zikusanye daftari moja la vipuri. Waanze na mashine imara ya mihimili miwili, pamoja na mashine ya kuchonga na mashine kubwa ya mkono kwa kazi nene. Mashine hiyo ikijaa kazi kwa zamu mbili kwa siku, na daftari likionyesha vipuri vyenye matundu ya ubavuni na mifereji vinavyorudi kwa mamia, hapo mashine ya mihimili mingi itakuwa imejiita yenyewe, nami nitakuwa wa kwanza kuipigia makofi. Iwekwe mahali pamoja, pengine Rongo, ambapo barabara ya Homa Bay hukutana na ile ya Migori, ihudumie pande zote mbili.

Kwa walimu wenzangu nina ombi mahususi. Mwanzoni mwa mwaka 2026 kundi la kwanza la Gredi ya 10 liliingia shule za upili za mtaala mpya, na baadhi ya wanafunzi hao watachagua masomo ya kiufundi. Tusingoje tuletewe mitambo ndipo tuanze kufundisha. Mwalimu wa fizikia awapeleke kwenye mashine ya posho ya jirani wakapime shafti iliyokufa na kueleza kwa nini ilikatikia pale ilipokatikia. Mwalimu wa hisabati awape hesabu ya shafti sita na shafti 50. Mwalimu wa Kiswahili awatake waeleze kazi hiyo kwa lugha safi, kwa kuwa fundi asiyeweza kueleza anachotaka atauziwa asichokitaka.

Nchi ya Migori imetufunza kwamba vyote ving'aavyo si dhahabu. Mchimbaji wa Nyatike hanunui jiwe kwa kulitazama. Hulisaga, akaliosha, akapima kilichobaki. Wanunuzi wa mashine kwa fedha za umma hawastahili kuwa wepesi wa kuamini kuliko yeye.